Haki ya Kusema, Bila Haki ya Kusikilizwa

Mwaka 1984 walimu kadhaa wa vyuo vya jamii katika jimbo la Minnesota walishindwa kesi ambayo Mkenya wa leo angedhani wana hakika ya kuishinda. Hawakuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, na sheria ya jimbo iliwapa wawakilishi wa chama peke yao nafasi ya kukaa na uongozi wa vyuo kujadili sera. Walimu hao walidai kwamba kufungiwa nje ya mazungumzo hayo ni kunyimwa haki ya kikatiba. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, iliwajibu kwamba Katiba inamlinda mtu asizibwe mdomo, lakini haimlazimishi mtunga sera kumtegea sikio. Mwenye neno na aseme. Mwenye madaraka hana deni la kusikiliza.

Weka hukumu hiyo kando ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 118 kinaliagiza Bunge liwezeshe wananchi kushiriki katika kazi zake, na kifungu cha 196 kinayatwisha mabunge ya kaunti mzigo uleule. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wakazi hawakushirikishwa inavyopasa. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilitupilia mbali maoni ya watu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo, ila haikusema kwamba sheria ingeweza kupita bila wananchi kuulizwa. Walichobishania majaji ni kiasi cha kuuliza na kujibu.

Katika majimbo ya Marekani, kikao cha kamati ambapo mwananchi anasimama kutoa maoni juu ya mswada kinatokana zaidi na kanuni za bunge lenyewe na desturi za ukumbi. Kanuni zinaweza kubadilishwa, na desturi zinaweza kusahauliwa usiku mmoja. Ndiyo maana ule ushauri unaorudiwa na kila shirika la kiraia huko, kwamba raia aende akaseme mbele ya kamati, ni nusu ya ushauri. Nusu iliyobaki inahusu mambo yasiyopendeza kuandikwa kwenye mabango: kalenda, kanuni, na mtu mmoja anayeitwa mwenyekiti wa kamati. Hoja yangu ni kwamba huko ndiko mwanaharakati anakoshinda au kushindwa, na kipaza sauti huja baadaye.

Majimbo ni 50, na kila moja lina mlango wake. New Hampshire, yenye watu wapatao milioni 1.4, ina wabunge 400 katika baraza la chini pekee, na malipo yao yamebaki dola 200 kwa kipindi cha miaka miwili. Wengi ni wastaafu, hawana msaidizi wala mtafiti wao binafsi. Kila mswada hupata kikao cha hadhara, na kila mswada hupigiwa kura. Katika mazingira hayo, muuguzi anayefika na karatasi moja yenye maelezo sahihi anaweza kuwa ndiye mtaalamu pekee aliyemo chumbani. Nebraska, ambayo tangu 1937 ina baraza moja tu, sasa la maseneta 49, nayo hutoa kikao kwa kila mswada, ingawa mingi huishia hapohapo kwenye kamati. Colorado ilikwenda mbele zaidi: mwaka 1988 wapiga kura wenyewe waliibadilisha katiba ya jimbo ili kila mswada uliopelekwa kwenye kamati upigiwe kura, mwenyekiti asiweze kuukalia.

Kwingineko kuukalia ndiyo silaha kuu. Mwenyekiti hahitaji kuupinga mswada hadharani. Anaacha tu kuupangia siku, na kipindi cha bunge kinapokwisha unakufa bila msiba. California ina ustadi wake: miswada yenye gharama kubwa huwekwa pembeni na kamati ya matumizi ya fedha, kisha siku moja mamia yake huamuliwa kwa mkupuo, mwenyekiti akisoma matokeo kwa kasi ya mnadi bidhaa, bila mjadala. Kabla ya hapo, kwenye kamati za sera, mashahidi wakuu wa kila upande kwa kawaida ni wawili. Wengine wote waliosafiri saa nne au tano kufika Sacramento wanaruhusiwa kutaja jina, taasisi, na kama wanaunga mkono au wanapinga. Sekunde kumi, kisha anaitwa anayefuata. Kwa asiyejua, hilo ni tusi. Anayejua huenda na watu 80, kwa sababu foleni yenyewe ndiyo maoni.

Texas inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani ndiko kikao cha kamati kilikofungwa na maneno yake yakatokea mlango mwingine. Bunge la Texas hukutana siku 140 tu katika kila miaka miwili, mwaka wenye namba witiri, na gavana anaweza kuitisha kikao maalumu. Juni 2013, katika kikao maalumu cha aina hiyo, ililetwa miswada ya kuzibana kliniki za kutoa mimba: madaktari wake wawe na kibali cha kulaza wagonjwa katika hospitali isiyozidi maili 30, na majengo yafikie viwango vya vituo vya upasuaji. Tarehe 20 Juni mamia ya watu, wengi wao wanawake, walijiandikisha kuzungumza mbele ya kamati ya baraza la chini mjini Austin. Kila mmoja alikuwa na dakika tatu. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, mwenyekiti alisema kwamba ushahidi umeanza kujirudia na akatangaza kuufunga. Ukumbi ukachemka.

Kujirudia, kwa jicho la mwenyekiti, ni kupoteza muda. Kwa waliokuwa kwenye foleni ndiyo ilikuwa hoja yenyewe: jambo linalompata mmoja linaweza kuitwa bahati mbaya, likiwapata mamia linahitaji jina jingine. Siku tano baadaye Seneta Wendy Davis alisimama katika ukumbi wa Seneti kuuzuia mswada kwa kuzungumza mfululizo. Alidumu takriban saa 11 bila kukaa wala kuegemea meza, na sehemu kubwa ya muda huo alisoma ushahidi wa wanawake na madaktari, ukiwemo wa watu waliokosa nafasi kwenye kamati. Mswada ulikwama usiku ule. Gavana akaitisha kikao kingine, na mwezi Julai ukapita. Juni 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivifuta vifungu hivyo viwili kwa kura 5 dhidi ya 3, halafu mwaka 2022 mahakama hiyohiyo, ikiwa na sura mpya, ikaondoa msingi wote ambao hukumu ile ilikuwa imesimamia.

Nani alishinda? Itategemea unasimamisha saa mwaka gani. Ninachokiona mimi ni hiki: waliofika Austin wakiwa wameandika maneno yao kwenye karatasi, maneno yao yaliweza kubebwa na kusomwa na mtu mwingine mahali pengine. Waliotegemea kusema kutoka kichwani walirudi nayo nyumbani.

Kuna upande wa pili ambao wapenzi wa ushiriki wa umma hawapendi kuutaja. Ohio, mwaka 2019, bunge la jimbo lilijadili mswada wa kuvipa vinu viwili vya nyuklia ruzuku ya takriban dola bilioni 1.3 kutoka kwenye bili za umeme za wananchi. Vikao vilifanyika. Wapinzani walikuja, wakatoa takwimu, wakahojiwa, wakashukuriwa kwa kufika. Sheria ikatiwa saini Julai. Mwaka uliofuata Spika Larry Householder alikamatwa, na kesi ikafichua kwamba takriban dola milioni 60 zilipitishwa kwa siri kutoka upande wa kampuni ya umeme ili kumjenga yeye na kuupitisha mswada. Machi 2023 alipatikana na hatia, na Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Hakuna dakika tatu, hata zingepangwa vizuri kiasi gani, ambazo zingeweza kushindana na fedha zile. Hata hivyo bunge lilipoifuta ruzuku ya vinu mwaka 2021, waliokuwa wamepinga tangu mwanzo hawakuhitaji kutafuta hoja mpya. Zilikuwa kwenye majalada ya kamati, zina tarehe.

Rushwa ya wazi namna hiyo ni nadra kidogo. Jambo la kila siku ni kwamba mswada wenyewe mara nyingi haukuandikwa jimboni. Tangu 1973 liko shirika liitwalo ALEC, linalowakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni na kuandaa miswada ya mfano, na makundi mengine ya mirengo mbalimbali yamejifunza mchezo huo. Uchunguzi wa waandishi wa USA Today, Arizona Republic na Center for Public Integrity uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta zaidi ya miswada 10,000 iliyonakiliwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye mifano hiyo ndani ya miaka minane, na zaidi ya 2,100 kati yake ikawa sheria. Kwa mwananchi hii ni habari mbaya yenye faida ndani yake. Mswada ulionakiliwa umekwisha kupita kwingine. Mtu anayefika mbele ya kamati na kueleza kwa utulivu yaliyotokea katika jimbo lililotangulia, nani alilipa na nani alifunga duka, analeta kitu ambacho mshawishi wa kulipwa angependa kisiletwe. Tena mbunge aliyeuwasilisha huenda hajausoma kwa makini. Swali moja la kitaalamu kuhusu kifungu cha nne linaweza kumwacha akipekua karatasi.

Wabunge kutojua wanachokipigia kura si ugonjwa wa leo. Mwaka 1897 daktari mmoja wa Indiana, mpenzi wa hesabu, alimshawishi mbunge wake alete mswada wa kutambua kisheria ugunduzi wake wa kuligeuza duara kuwa mraba. Ukiifuata hesabu yake, thamani ya pai ingekuwa 3.2. Baraza la chini liliupitisha kwa kura 67 bila pingamizi. Kwenye Seneti ulipelekwa kwa kamati ya kupambana na ulevi, na kamati ikapendekeza upite. Ilitokea tu kwamba Clarence Waldo, profesa wa hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Purdue, alikuwa jengoni kwa shughuli nyingine, kufuatilia fedha za chama cha wanasayansi. Aliposikia kinachojadiliwa alizungumza na maseneta pembeni, na mswada ukaahirishwa bila kupangiwa tarehe. Hakupewa kiti cha shahidi. Alikuwepo, alijua somo lake, na aliongea na watu waliokuwa na kura.

Kama Waldo anatufundisha faida ya kuwepo, Gregory Watson anaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa maelfu ya maili mbali na bado akalisukuma bunge la jimbo. Mwaka 1982 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Aliandika insha kuhusu pendekezo la James Madison la mwaka 1789, kwamba nyongeza ya mishahara ya wabunge wa Congress isianze kulipwa kabla ya uchaguzi unaofuata. Pendekezo hilo halikuwa limeridhiwa na majimbo ya kutosha, lakini halikuwekewa kikomo cha muda, kwa hiyo, alidai Watson, bado li hai. Insha ilipewa C. Akakata rufaa kwa profesa, C ikabaki palepale.

Basi akaanza kuandika barua. Hakuhutubia taifa, alitafuta mtu mmoja katika kila bunge la jimbo ambaye angekubali kuliwasilisha azimio. Seneta William Cohen wa Maine aliipeleka hoja nyumbani kwake, na mwaka 1983 bunge la Maine likaridhia. Mwaka 1984 likafuata la Colorado. Wabunge waligundua kwamba hakuna mpiga kura anayekasirika ukimchelewesha mwanasiasa wa Washington nyongeza ya mshahara, na majimbo yakaanza kupangana. Watson alitumia takriban dola 6,000 za mfukoni mwake. Mei 1992 idadi ya majimbo 38 ilitimia, na leo hilo ni Badiliko la 27 la Katiba ya Marekani. Mwaka 2017 chuo kikaibadilisha C yake kuwa A.

Simulizi hii husimuliwa kama ajabu ya mtu mmoja mwenye kichwa kigumu. Mimi naisoma kama somo la kazi. Watson alifahamu kwamba bunge la jimbo halina sikio la pamoja. Lina mbunge fulani, mwenye sababu fulani ya kulichukua jambo lako na kulifanya lake, na ofisi yake inafungua barua. Mengi yanayofanyika ndani ya ukumbi wa kamati ni hitimisho la mazungumzo ya aina hiyo.

Je, dakika tatu hazina kazi? Zina kazi, ila si ile inayotarajiwa na wengi. Hotuba haibadilishi kura ya mbunge aliyekwisha ahidi. Inaweza kumpa kisingizio yule anayetafuta namna ya kubadilika. Inaweza kumpa mwandishi wa habari sentensi moja ya kuweka gazetini. Zaidi ya yote inaweza kuzaa marekebisho: kufutwa kwa neno moja, kuongezwa kwa miezi sita ya matayarisho, kuondolewa kwa biashara ndogo kwenye faini. Mwanaharakati anayesema “naupinga mswada huu kwa nguvu zote” husahaulika kabla hajafika mlangoni. Anayetaja namba ya mswada, mtaa anakoishi, jambo moja lililompata na mstari anaotaka ubadilishwe, kisha akanyamaza dakika ya pili, huulizwa maswali. Na muda wa maswali kwa kawaida hauhesabiwi ndani ya dakika zake.

Korona ilifungua mlango mmoja mkubwa. Alaska, ambayo mji mkuu wake Juneau haufikiki kwa barabara, ilikuwa imezoea kwa miongo kadhaa kusikiliza watu kwa simu kutoka vituo vya mbali. Baada ya 2020 majimbo mengine yakaiga kwa video. Washington, lile jimbo la magharibi, leo humruhusu mkazi kujiandikisha mtandaoni mpaka saa moja kabla ya kikao, kuweka msimamo wake kwenye kumbukumbu bila kusema neno, na kutuma maandishi hadi saa 24 baada ya kikao kuanza. Kwa mtu wa zamu ya usiku hii ni tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo, maana kamati hukutana saa za kazi, na mshawishi wa kulipwa ndiye ambaye saa hizo analipwa kuwepo pale.

Lakini kinachotolewa kwa kanuni huondolewa kwa kanuni. Agosti 2023 bunge la Tennessee lilikutana katika kikao maalumu kilichoitishwa baada ya mauaji ya Machi katika shule ya Covenant mjini Nashville, ambako watoto watatu na watu wazima watatu walipigwa risasi. Wabunge walipiga marufuku mabango ndani ya jengo. Wanawake walioshika vipande vya karatasi kwenye kamati ndogo walitolewa na askari, na mwenyekiti akaamuru ukumbi uondolewe watu. Siku iliyofuata jaji aliisimamisha marufuku ile kwa muda. Zingatia kilichookolewa: jaji alilinda karatasi iliyoandikwa, kwa kuwa hiyo ni kauli. Suala la kamati kuisoma au kutoisoma halikuwa mbele yake, na kwa hukumu ile ya 1984 asingekuwa na la kufanya hata kama lingekuwepo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, kuna jambo wengi hawaambiwi: kwa kawaida si lazima uwe raia wala mpiga kura ili utoe maoni mbele ya kamati ya jimbo. Inatosha uwe na la kusema kuhusu mswada, na wengi wanalo, kwa sababu bunge la jimbo ndilo linaloamua leseni ya udereva, karo ya chuo kikuu cha umma, masharti ya muuguzi aliyesomea ng'ambo na haki za mpangaji. Minnesota iliwafungia leseni za udereva wasio na hati za ukaazi kwa kanuni ya mwaka 2003. Wahamiaji na washirika wao walirudi kwenye kamati kipindi baada ya kipindi, na mara kadhaa mswada ukakwama. Machi 2023 ukatiwa saini, na Oktoba sheria ikaanza kutumika. Miaka 20 kwa leseni.

Tahadhari ni lazima iambatane na habari hiyo. Jina na mahali unapoishi huingia kwenye kumbukumbu za umma, na video hubaki mtandaoni. Asiye na hati anaweza kuwa na ushahidi mzito kuliko wote na bado ikawa ni busara usomwe na mtu mwingine, mchungaji, mwajiri au mtoto aliyezaliwa huko. Mkalimani naye huombwa mapema, kwa karani wa kamati, si asubuhi ya kikao.

Upande wa pili wa meza nao unabadilika. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota kutoka eneo la Brooklyn Park, lenye Waafrika wengi. Mbunge wa aina hiyo hahitaji kuelezwa cheti cha uuguzi cha Nairobi ni kitu gani. Anahitaji kupewa kesi halisi, mapema, kabla miswada haijafungwa. Mabunge mengi ya majimbo huanza Januari, na miswada mingi hupangwa Novemba na Desemba, wakati mbunge yuko nyumbani na kikombe cha chai pamoja naye kinapatikana kwa kupiga simu. Ikifika Machi, mwombaji wa nafasi hiyohiyo atapewa namba kwenye foleni.